Chelewa chelewa, au kawia ufike?



Wahenga walituachia methali mbili ambazo ukiziweka pamoja zinagombana. Ya kwanza inasema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Ya pili inasema, kawia ufike. Ya kwanza inatuhimiza tukimbie, ya pili inatutuliza kwamba afikaye, hata kama amekawia, amefika. Nimezisikia zote mbili tangu utotoni, wala sikuwahi kuona haja ya kuzipatanisha, mpaka asubuhi ya Jumamosi, Desemba 2, 2023, nilipopigiwa simu na binti wa dada yangu.

Binti huyo ni mwalimu wa Kemia katika shule moja ya sekondari mkoani Morogoro. Kwa miaka mitatu alikuwa akijiandaa kuomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili nchini Marekani, katika mambo ya usafi wa maji. Alijibana akapata ada ya mtihani wa Kiingereza, akawabembeleza waliomfundisha chuoni wamwandikie barua, akaandika maelezo yake akayafuta, akaandika tena. Chuo alichokitaka kilikuwa kimetangaza kwamba mwisho wa kupokea maombi ni Desemba 1, saa 11 jioni kwa saa za New York.

"Shikamoo mjomba," aliniambia, na hapo hapo akaanza kulia.

Nikaitika marahaba, nikamwacha alie, kisha nikamwuliza kulikoni. Katika wiki ya pili ya Novemba alikuwa amekaa na daftari lake akapiga hesabu vizuri kabisa. Wakati huo wa mwaka New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Kwa hiyo saa 11 jioni ya kule ni saa 7 usiku ya hapa kwetu, usiku wa kuamkia Desemba 2. Akaandika katika daftari: "Mwisho saa 7." Basi, hakuongeza neno.

Wiki tatu baadaye alifungua daftari lile akiwa na simu mkononi, na simu yake, kama simu zetu nyingi, inasoma saa kwa mtindo wa Kiingereza. Akaona "saa 7", na akili yake ikasoma namba 7 ile ya kwenye simu, ambayo sisi huiita saa 1 asubuhi. Akajiambia bado ana usiku mzima. Akalala mapema ili aamke na kichwa chepesi. Aliamka saa 10 alfajiri, akapitia kila kitu kwa mara ya mwisho, akabonyeza kitufe cha kutuma saa 11 na dakika 12. Kompyuta ikamshukuru, na chini yake ikaandika kwamba maombi yamepokelewa baada ya muda kwisha. Alikuwa amechelewa kwa saa 4 na dakika 12.

Ndugu msikilizaji, kosa hilo lisikuchekeshe. Sisi tunaosema Kiswahili tunaishi na saa mbili kichwani. Saa yetu huanza kuhesabu jua linapochomoza na linapokuchwa, na saa ya mzungu huanza kuhesabu katikati ya usiku na katikati ya mchana. Tofauti ni saa 6 kamili. Kila siku tunavuka kutoka saa moja kwenda nyingine bila kufikiri, kama mtu anayebadili mkono wa kubebea kikapu. Lakini usiku wa uchovu na wasiwasi, kikapu huanguka.

Sasa nikuambie kilichonifanya nilete jambo hili mbele yako. Binti alipomaliza kulia alisema hivi: "Mjomba, wewe ni mtu wa redio. Niandikie barua useme kwamba usiku ule Morogoro hatukuwa na umeme. Watakuamini."

Naomba ukumbuke majira yale. Mwishoni mwa mwaka 2023 nchi yetu ilikuwa katika mgao wa umeme. Umeme ulikuwa ukikatika karibu kila mahali, na sisi wenyewe redioni tulikuwa tukiutangaza mgao huo. Barua ya namna ile ingeaminika hata na Mtanzania, sembuse mtu aliye ng'ambo. Ila usiku ule, nyumbani kwa binti yule, taa ilikuwa inawaka. Aliniambia mwenyewe.

Kabla sijajibu, dada yangu naye akapiga simu kutoka Tanga. "Huyu ni mwanao," alisema. "Barua moja tu, utapungukiwa na nini?"

Sitaki kujifanya mtakatifu mbele yako. Nilifungua mtoto wa meza nikaiangalia karatasi yenye nembo ya kituo. Nilijua maneno ya kuandika, maana kuandika ndiyo kazi yangu. Kilichonizuia ni habari moja niliyoisoma mwenyewe redioni mwaka 2017, mwezi Aprili, Rais John Magufuli alipokabidhiwa mjini Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Nilisoma idadi hiyo kwa sauti kavu ya taarifa ya habari, lakini usiku nilijiuliza ni wangapi kati yao waliokuwa na mjomba, au kaka, au rafiki, aliyeombwa karatasi moja tu akaona haya kukataa.

Nikamwambia binti: barua hiyo sitaandika, lakini tutakaa pamoja tuandike nyingine. Na kabla ya kuiandika, ilinibidi nijifunze kitu ambacho sikukijua. Mimi nina stashahada ya uandishi wa habari, sijaketi darasa la uzamili. Kwa hiyo nilifanya kile mwandishi wa habari anachojua kufanya, yaani kuuliza. Niliwauliza waliosoma nje, niliwauliza wahadhiri waliowahi kukaa katika kamati za kuchagua wanafunzi, na nilisoma masharti ya vyuo vyenyewe. Niliyoyapata ndiyo ninayotaka kukugawia leo.

Jambo la kwanza ni kwamba tarehe ya mwisho si kitu cha aina moja. Hata sisi redioni tunalijua hilo. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku huanza saa 2 usiku. Msomaji asipokuwa mbele ya kipaza sauti, hakuna wa kumsubiri, wala hakuna barua ya kuomba radhi itakayorudisha dakika ile. Lakini habari moja iliyotoka mkoani ikifika saa 2 na dakika 5, mhariri anaweza kuisukuma ikasomwa mwishoni, kama ni habari nzuri. Saa ni ile ile, chumba ni kile kile, lakini mwisho mmoja ni ukuta na mwingine ni mlango ulioegeshwa. Vyuo navyo viko hivyo.

Ziko tarehe za mwisho ambazo ni ukuta. Ujerumani, kwa mfano, masomo mengi ya muhula wa baridi yana mwisho wa Julai 15, na ya muhula wa kiangazi Januari 15. Pale ambapo tarehe hiyo imewekwa kuwa ya kukata kabisa, karani hana uwezo wa kukuhurumia hata kama angependa, kwa sababu akikupokea wewe, aliyekataliwa jana yake anaweza kulalamika kisheria. Tena wanachohesabu ni siku karatasi zako zilipowafikia, siyo siku ulipozitia posta. Na ukiomba kupitia uni-assist, ile taasisi inayokagua maombi ya wageni kwa niaba ya vyuo vingi vya huko, ada nayo inatakiwa iwe imelipwa. Mtu anaweza kuwa ametuma vyeti vyote vizuri, akakwama kwa sababu kadi yake ya benki haikuruhusiwa kulipa nje ya nchi.

Misaada ya masomo ya serikali nayo ni ukuta. Ule wa Chevening wa Uingereza, katika mwaka wa maombi ulioishia Novemba 7, 2023, ulifungwa saa 6 mchana kwa saa za Greenwich, ambayo kwetu ni saa 9 alasiri. Angalia vizuri, nimesema mchana. Aliyedhani siku ya mwisho huisha usiku wa manane alirudi kazini jioni akakuta pamefungwa. Shirika linalopokea maombi kutoka nchi zaidi ya 100 haliwezi kumsikiliza kila mmoja kwa habari ya kwake, kwa hiyo mashine ndiyo inayofunga.

Aina ya pili ni mwisho wa fedha. Hapa ndipo wengi wetu tunapoumia bila kujua. Vyuo vingi vya Marekani huweka tarehe moja mwezi Desemba au mapema Januari, lakini ndani ya tarehe hiyo yamo mambo mawili: kuchaguliwa kusoma, na kupewa fedha za kusomea. Kuchaguliwa ni kazi ya walimu wa idara, nao wanaweza kuongeza faili moja juu ya meza kama hawajaanza kusoma. Fedha mara nyingi hugawiwa na ofisi nyingine, na majina hupelekwa huko kwa orodha. Orodha ikishaondoka, mwalimu anayekupenda hawezi kuifuata barabarani. Kwa mtoto wa tajiri tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mwalimu wa sekondari wa Morogoro, nafasi bila fedha ni sawa na kualikwa karamuni ng'ambo ya mto wakati huna nauli ya mtumbwi.

Aina ya tatu ni mlango unaobaki wazi mpaka nyumba ijae. Kozi nyingi za uzamili za Uingereza hupokea maombi kwa miezi kadhaa na huanza kutoa majibu kabla ya mwisho. Huku ndugu yangu anayetuma siku ya mwisho kabisa, akiwa ndani ya muda, anaweza kuwa amechelewa kuliko anavyofikiri, kwa sababu viti vimekwisha tangu Februari.

Aina ya nne ni tarehe ya kikao. Chuo kinasema tarehe 1, lakini kamati inakutana tarehe 15. Siku hizo za katikati hutumika kupanga mafaili, kutafuta barua za wadhamini ambazo hazijafika, na kukagua matokeo. Idara nyingi hupokea barua za wadhamini siku chache baada ya mwisho, alimradi mwombaji mwenyewe alituma sehemu yake kwa wakati. Lakini usilichukulie hilo kuwa haki yako. Uliza idara ile ile unayoomba.

Pengine utasema, mbona hapa kwetu tarehe huongezwa? Ni kweli. Tumezoea hivyo. Udahili wa shahada ya kwanza una awamu ya kwanza, ya pili, na wakati mwingine ya tatu. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulikuwa ukome Desemba 31, 2019, na kabla siku hiyo haijafika ukaongezwa mpaka Januari 20, 2020. Misururu ilikuwa ile ile, na nadhani wengi waliopanga foleni Januari 19 walikuwa na kitambulisho tangu Novemba. Kuongezewa muda kumetufanya tuione tarehe ya kwanza kama mazungumzo tu. Kijana aliyekua katika desturi hiyo akikutana na mashine iliyoko London, hakuna mtu wa kuzungumza naye.

Sasa, umechelewa. Ufanye nini?

Kwanza, tazama kama mlango umefungwa kweli. Mifumo mingi ya vyuo hubaki wazi baada ya saa iliyotajwa, na hupiga muhuri wa saa uliyotuma. Kama uko wazi, maliza, lipa, tuma. Maombi yaliyotumwa kwa kuchelewa yanaweza kusomwa. Yasiyotumwa hayawezi kusomwa na mtu yeyote. Kama umefungwa, usifungue akaunti nyingine kwa jina lililogeuzwa. Hiyo huonekana haraka, na hapo utakuwa umeongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Pili, andika siku hiyo hiyo. Saa chache za kwanza zina thamani kubwa, maana faili bado hazijagawanywa. Anayekaa wiki nzima akiona aibu huandika wakati kazi imekwisha kuanza. Na mwandikie mtu anayehusika: mratibu wa masomo ya uzamili wa idara unayoomba, au ofisi ya udahili kama idara haina mratibu. Usimwandikie mkuu wa chuo. Usiwatumie maprofesa kumi barua moja, kwa sababu wanaketi jengo moja na wanaongea.

Tatu, barua iwe fupi. Ile tuliyoiandika na binti yangu ilikuwa ya Kiingereza, lakini kwa Kiswahili ingesomeka hivi: "Mimi ni mwombaji namba fulani. Maombi yangu yaliingia saa 4 na dakika 12 baada ya muda kwisha. Nilikosea kusoma hesabu niliyoifanya ya kugeuza saa za kwenu kuwa za Tanzania, na kosa ni langu. Nakala ya matokeo yangu na barua zote tatu za wadhamini zilikwisha kuwafikia kabla ya muda. Naomba kujua kama maombi yanaweza kusomwa, na kama hayawezi, kama yanaweza kuhamishiwa msimu ujao." Sentensi tano. Hatukueleza maisha magumu, hatukumsifia profesa, wala hatukuandika "kwa heshima na taadhima" mara tatu.

Nne, sema kweli. Hili silisemi kwa sababu ya dini peke yake, ingawa dini zote zinalisema. Nalisema kwa sababu mfumo ule unajua mambo mengi kuliko tunavyodhani. Unaweza kuhifadhi saa uliyofungua ukurasa, saa uliyoweka kila karatasi, na saa uliyobonyeza kitufe. Mtu anayesema umeme ulikatika kuanzia saa 2 usiku, huku picha ya cheti chake iliingia saa 4 usiku huo huo, amejifunga mwenyewe. Tena vyuo vingi vinaandika wazi katika fomu kwamba uongo katika maombi unaweza kumnyang'anya mtu nafasi hata akiwa amekwisha kuanza masomo. Njia ya mwongo ni fupi, na aibu yake haiishii kwake. Barua ya kwanza ya uongo kutoka shule moja au nchi moja humfanya karani aitilie shaka barua ya pili, ambayo huenda ni ya kweli.

Maana zipo sababu za kweli. Mei 12, 2024, nyaya mbili za mawasiliano zilizolala chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja, na intaneti ikazorota vibaya Tanzania na nchi nyingine za Afrika Mashariki. Aliyekuwa na mwisho wa maombi siku ile alikuwa na habari iliyoandikwa na magazeti duniani. Jambo kama hilo likikupata, piga picha ya kioo cha kompyuta kikionyesha hitilafu na saa, hifadhi tangazo la kampuni ya simu, kisha andika. Huyo karani, kama hajachoshwa na waongo, atakusikiliza.

Tano, omba na njia ya pili. Vipo vyuo vyenye muhula unaoanza Januari. Vipo vinavyokubali kuhamisha maombi na ada yake mwaka unaofuata. Na kwa wanaoomba Marekani, iko siku ya kukumbuka: Aprili 15. Vyuo vingi vya huko vimekubaliana, chini ya baraza lao la shule za uzamili, kwamba mtu aliyepewa fedha za masomo halazimiki kujibu kabla ya siku hiyo. Hivyo katikati ya Aprili wako wanaokataa fedha za chuo kimoja kwa kuwa wamepata kwingine, na kiti au fungu la fedha linaweza kubaki wazi. Aliyechelewa lakini faili lake limo kabatini anaweza kukumbukwa.

Sita, ukijibiwa hapana, sema asante uache hapo. Wale wale utakutana nao mwaka unaofuata.

Lakini bora kuzuia. Ninayo machache ya kuzuia, na yote yametokana na lile daftari.

Usiandike "saa 7" peke yake. Andika: saa 7 usiku, usiku wa kuamkia Jumamosi, Desemba 2, saa ya Dar es Salaam. Lugha yetu imetupa neno "kuamkia", nalo ni neno la dhahabu, kwa sababu linaondoa utata wa usiku uliokaa kati ya siku mbili. Ndugu zetu wa pwani wanajua zaidi. Kwa hesabu ya kale ya Waswahili siku mpya huanza jua likichwa, na "usiku wa Ijumaa" kwa mzee wa Lamu au Unguja ni ule unaotangulia Ijumaa yenyewe, ambao mwingine angeuita Alhamisi usiku. Ukisoma tangazo la kigeni linalosema usiku wa manane wa tarehe 1, uliza ni ule unaoianza tarehe 1 au unaoimaliza. Kuuliza si ujinga.

Jua pia kwamba wenzetu wa kaskazini husogeza saa zao. Sisi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hatubadiliki mwaka mzima. New York iko nyuma yetu kwa saa 7 wakati wa kiangazi chao, na saa 8 kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba mpaka Jumapili ya pili ya Machi. London iko nyuma kwa saa 2 wakati wa kiangazi, na saa 3 wakati wa baridi. Msikilizaji wangu wa Kigali, Bujumbura au Lubumbashi apunguze saa 1 katika hesabu hizo, na wa Muscat aongeze 1. Kwa hiyo tangazo la Desemba linalosema dakika moja kabla ya usiku wa manane wa New York, kwetu ni saa 1 na dakika 59 asubuhi ya kesho yake. Likiwa la California, ni saa 4 na dakika 59 asubuhi. Na ukikuta wameandika "popote duniani", maana yake wanahesabu kwa saa ya mwisho kabisa duniani, na dakika hiyo hiyo kwetu ni saa 8 na dakika 59 mchana wa kesho yake.

Kisha, ukishajua hesabu hizo zote, zisahau. Jiwekee mwisho wako mwenyewe siku 10 kabla. Waambie wadhamini wako mwezi mmoja na nusu kabla, uwakumbushe kwa adabu, na uwaombe waangalie hata sehemu ya barua taka, maana maombi ya chuo mara nyingi huangukia huko. Jaribu kadi ya benki mapema kwa malipo madogo. Nakala ya matokeo iombe chuoni kwako wakati ofisi haina foleni.

Najua unataka kujua mwisho wa binti yangu. Jibu lilikuja Jumanne, Desemba 5. Mratibu aliandika kwamba ameyapokea maombi, kamati itayasoma, ila orodha ya wanaofikiriwa kupewa fedha ilikwisha kuondoka Ijumaa jioni. Machi 2024 chuo kilimchagua. Fedha hawakumpa, hata baada ya Aprili 15. Dada yangu alitaka kuuza kiwanja, lakini binti alimkataza. Akaandika barua ya kushukuru, akarudi darasani kwake kufundisha.

Mwaka ule ule wa 2024 aliomba tena, safari hii vyuo vinne, na vyote alivitumia Novemba 20. Chuo kile cha kwanza kilimkataa. Wawili wengine walimkataa. Wa nne alimpa nafasi pamoja na kazi ya kusaidia kufundisha, inayolipa ada na chakula. Aliondoka Agosti 2025. Saa 4 na dakika 12 zilimgharimu mwaka mmoja, na sitamwambia mtu yeyote kwamba huo ni mwaka mdogo.

Siku ya kuondoka, uwanja wa ndege, dada yangu alinivuta pembeni. Tangu ile simu ya kutoka Tanga hatukuwa tumeizungumzia ile barua. Aliniambia, "Ungeiandika, angeondoka mwaka jana."

Sikuwa na jibu, kwa sababu inawezekana ni kweli. Pengine wangeamini, pengine wangempa fedha. Sijui, wala yeye hajui. Ninachojua ni kwamba binti alipita pale kwenye ukaguzi wa pasi akiwa na bahasha ya vyeti kifuani, na hapakuwa na karatasi hata moja ndani yake ambayo angeogopa kuulizwa habari zake.

Basi, zile methali mbili za wahenga naona hazigombani tena. Chelewa chelewa ni ya mtu ambaye bado ana muda. Kawia ufike ni ya yule ambaye muda umempita lakini miguu bado anayo. Ila huyo wa pili anatakiwa afike kwa mlango wa mbele.